Kipepeo wa Kufugwa si Mawindo

Katika misitu ya pwani yetu na ya milima iliyo nyuma ya pwani, kuanzia Arabuko-Sokoke huko Kilifi hadi Usambara ya Mashariki katika mkoa wa Tanga, anaishi kipepeo ambaye wataalamu wa viumbe wamemdurusu kwa zaidi ya miaka mia na hamsini bila ya kumchoka, ilhali wenyeji wa nchi hupishana naye njiani pasipo kujua kuwa wamepishana na mmoja wa viumbe mashuhuri kabisa wa bara hili. Jina lake la kitaalamu ni Papilio dardanus, alilopewa mwaka 1776. Nakusudia kueleza sura yake, makazi yake na mwendo wa maisha yake tangu yai hadi bawa, kwa kuwa anastahili kuelezwa, na pia kwa kuwa nina shauri juu ya sheria zetu na riziki ya watu wakaao kandokando ya misitu hiyo, shauri ambalo haliwezi kupimwa kwa insafu mpaka kwanza kipepeo mwenyewe afahamike.

Dume ndiye aonekanaye kwa wepesi, na kila mtu aliyepita katika njia ya msitu asubuhi, jua likiwa limekwisha kupenya majani, amepata kumwona hata kama hakumtia maanani. Mabawa yake yakitandazwa hufikia upana wa sentimita 8 hadi 10 hivi. Rangi yake ni manjano hafifu iliyokaribia weupe, iliyotiwa pindo jeusi pembezoni na mabaka meusi nyuma, na kila bawa la nyuma humalizikia katika mkia. Huruka kwa nguvu, akifuata ukingo wa msitu na uwazi wa njia, akienda na kurejea katika mstari ule ule kwa muda mrefu, kwa kuwa anatafuta jike. Na mara nyingine hushuka penye mchanga wenye unyevu kando ya kijito, akaukunjua mrija wake na kunyonya maji yenye chumvichumvi, pengine akiwa pamoja na madume wenzake na wa jamaa nyingine. Ni kipepeo mzuri, walakini uzuri wa namna yake si haba katika nchi za joto, na lau habari zake zingekomea hapo nisingeona haja ya kuchukua nafasi ya gazeti kwa ajili yake.

Ajabu iko kwa jike. Jike wa bara la Afrika, isipokuwa katika sehemu chache kama nyanda za juu za Ethiopia, hafanani na dume kwa rangi wala kwa umbo la bawa. Hana mkia, hana manjano ile, na zaidi ya hayo majike wenyewe hawafanani wao kwa wao. Katika pwani ya Kenya na Tanzania aghalabu ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, nakala ya kipepeo mwingine wa msituni aitwaye Amauris niavius. Mwenzake, aliyetoka pengine katika mayai ya mama yule yule, ana rangi ya machungwa na ncha nyeusi zenye alama nyeupe, akiwa amemwiga Danaus chrysippus, kipepeo anayezagaa katika kila uwanja na kila kando ya barabara. Na wa tatu ni mweusi mwenye madoadoa ya rangi hafifu katika bawa la mbele na eneo la manjano katika bawa la nyuma, kwa mfano wa Amauris wa aina nyingine. Ukiendelea hadi Uganda utakuta jike mwingine tena, aliyejifananisha na vipepeo wa jamaa ya Acraea wa misitu ya huko. Na ukivuka bahari hadi Madagaska utamkuta kipepeo huyu huyu ambaye majike wake hawamwigi yeyote, bali wana manjano ya dume na mikia ya dume; hali kadhalika jamaa yake wa karibu aishiye Ngazija.

Wote wanaoigwa wana sifa moja, nayo ni kuwa hawaliki. Viwavi wa Danaus hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya utomvu ule huweza kuhifadhiwa miilini mwao mpaka wanapokuwa vipepeo. Ndege mchanga anayethubutu kumla mmoja wa namna hiyo hujuta na kutapika, na baada ya hapo humtambua kwa rangi zake na kumwacha apite. Jike wa dardanus hana sumu, ni chakula kizuri kwa ndege, na usalama wake wote umo katika kudhaniwa kuwa ni mwingine. Hata mwendo wake huubadili, akaenda polepole kama waendavyo wenye sumu wasio na haraka. Lakini hila ya namna hii ina kikomo. Mchuuzi mmoja wa maziwa akitia maji, na wenzake ishirini wakauza maziwa halisi, atapona; wakiwa ishirini ndio watiao maji na mmoja ndiye muaminifu, wateja watasusa sokoni kabisa, na yule muaminifu ataadhibiwa pamoja nao. Vivyo hivyo ndege wakikutana na waigaji wengi kuliko wenye sumu watajifunza kuwa rangi ile si dalili ya sumu, na kinga itabatilika kwa wote. Ndiyo maana, kwa rai ya wataalamu, imekuwa faida kwa kizazi hiki kugawanyika katika sura nyingi, kila sura ikawa ya wachache, na kila moja ikajificha nyuma ya mwenye sumu wake. Kuhusu dume, ambaye hakubadilika popote, wengine husema jike humchagua kwa sura ya asili, na wengine kuwa ni kwa ajili ya kutambuana na madume wenzake. Mjadala huo ungali wazi.

Si ajabu basi kuwa wasomi wa karne ya 19, waliokuwa wakipelekewa vipepeo wakavu ndani ya masanduku kutoka Afrika, waliwaandika majike hawa kuwa ni jamaa mbalimbali, kila mmoja kwa jina lake, na dume akabaki bila ya mke katika vitabu vyao. Roland Trimen, aliyefanya kazi zake katika Rasi huko Afrika ya Kusini, ndiye aliyeipelekea Jumuiya ya Linnaeus ya London, mwaka 1868, hoja kuwa wote hao ni wake wa dume mmoja. Alipingwa vikali. William Hewitson, mjuzi mkubwa wa vipepeo katika Uingereza ya siku zile, alikataa katakata kusadiki jambo kama hilo, na baada ya miaka michache akaletewa, na mtu aliyekuwa akimkusanyia vipepeo katika kisiwa cha Fernando Po, dume wa manjano na jike mweusi na mweupe waliokamatwa wakiwa wamepandana. Kisha wengine wakalea viwavi, wakaangua mayai ya mama mmoja, na sura mbalimbali zikatoka katika uzazi mmoja, shaka ikaondoka. Nakipenda kisa hiki, kwa sababu ubishi wa wenye vitabu ulikatwa na watu waliokuwa na subira ya kukaa karibu na mti wenye yai na kungoja.

Katika miaka ya 1950 na 1960 kipepeo huyu alilelewa hata Liverpool, mikononi mwa Cyril Clarke, aliyekuwa tabibu, na rafiki yake Philip Sheppard, mtaalamu wa elimu ya urithi, ambao walizalisha vipepeo kutoka pande mbalimbali za Afrika na Madagaska ili kujua jinsi sura zinavyorithiwa. Waliona kuwa rangi zote za jike hurithiwa pamoja kwa mkupuo mmoja, na Clarke akatambua kuwa mwenendo huo unashabihiana na urithi wa damu ya binadamu katika mfumo wa Rhesus. Kutoka katika fikira hiyo, yeye na wenzake wakaanza kutafiti maradhi yanayowaua watoto wachanga pale mama asiye na alama ya Rhesus anapobeba mimba ya mtoto mwenye alama hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikapatikana sindano anayochomwa mama ili mwili wake usijenge silaha dhidi ya damu ya watoto watakaofuata. Sindano hiyo ingali inatumika duniani kote, na katika hospitali zetu pia, ingawa kwetu akina mama wenye damu ya namna hiyo ni wachache. Sisemi kuwa kipepeo aligundua dawa. Waliogundua ni wanadamu, kwa juhudi kubwa. Walakini mtu akiuliza mdudu wa msituni ana manufaa gani, hilo ni jibu moja la kweli, na aliyesoma habari za dardanus hawezi kulisahau.

Nirejee kwa jike, kwa kuwa maisha yake ndiyo msingi wa hoja yangu. Akisha kupandwa huacha njia zenye jua akaingia kivulini, akaruka chini chini miongoni mwa vichaka, akitua hapa na pale kwa kitambo kidogo. Anatafuta miti ya ukoo wa mlimau na mchungwa, lakini ile ya mwituni: Clausena, ambayo majani yake yakifikichwa hutoa harufu kali ya bizari tamu, na Teclea, na Toddalia yenye miiba inayopanda juu ya miti mingine. Akitua juu ya jani hulipigapiga kwa miguu ya mbele, haraka haraka, kwa kuwa katika miguu hiyo mna hisi ya kuonja. Jani likiwa silo huruka mara moja, na likiwa ndilo huukunja mwili wake na kubandika yai moja tu, la mviringo, la manjano iliyofifia, dogo kiasi kwamba mtu mwenye macho mazuri hulipita asilione. Kisha huenda kwenye kijiti kingine, maana kurundika mayai yote pahali pamoja ni kuyatoa sadaka kwa siafu na nyigu.

Muda wa wiki moja hivi ukipita, au zaidi kidogo kukiwa na baridi, kiwavi hutoka, na aghalabu chakula chake cha kwanza ni ganda la yai lake mwenyewe. Akiwa mdogo ni wa kahawia aliyepakwa weupe ubavuni, akang'aa ung'avu wa unyevu, na akikaa kimya juu ya jani hana tofauti na kinyesi cha ndege. Hapana ndege anayekula kinyesi chake. Hujivua ngozi mara nne. Anapofikia ukubwa ambao hila ya kinyesi haifai tena, hugeuka kuwa wa kijani, rangi ya jani analolilia, na hapo hutegemea silaha ya pili: mguse kidogo tu nyuma ya kichwa na mara hutoa pembe mbili laini, za rangi ya machungwa, zilizolowana, ambazo hazikuwapo hapo kabla, na harufu nzito ya maji ya limau yaliyochacha huenea hewani, kisha pembe hizo hurudi ndani pole pole, naye huendelea kula. Wana wa mkulima wa michungwa wanaijua harufu hiyo, kwa kuwa binamu yake, Papilio demodocus, hula majani ya miche ya shambani kwa desturi ile ile.

Kiwavi aliyekwisha kushiba huacha kula, humwaga yote yaliyomo tumboni, na hutafuta kijiti kilichojificha. Hapo husokota kitakia cha hariri cha kushika mkia wake na uzi wa kumfunga kiunoni, akaegemea nyuma, na baada ya siku moja au mbili ngozi ya mwisho hupasuka na pupa hubaki ikining'inia, bapa, ya kijani, yenye mistari iliyofanana na mishipa ya jani, kiasi kwamba hata anayejua ipo hubidi aitafute upya kila akija. Wiki mbili zikikaribia kwisha ganda huwa jembamba na rangi za bawa huonekana kwa ndani. Kipepeo hutoka asubuhi, tumbo limevimba, mabawa yake yakiwa madogo, mazito na yenye makunyanzi. Hupanda juu akaning'inia, na maji ya mwili yakasukumwa ndani ya mishipa ya bawa mpaka makunyanzi yakanyooka, jambo ambalo halichukui saa moja. Akikosa mahali pa kuning'inia katika saa hiyo mabawa hukauka yakiwa yamepinda, na hataruka milele. Atakayeruka ataishi majuma machache.

Katika mayai mengi anayotaga mama mmoja, wanaofikia kuruka katika msitu ni wachache mno. Nyigu wadogo hutaga ndani ya yai na ndani ya kiwavi, siafu hubeba, buibui na kinyonga na ndege hushiriki, na mvua kubwa huangusha wengine. Hasara hiyo ni kanuni ya maumbile, na ndiyo sababu mama hutaga mayai mengi. Tija ya mfugaji ipo hapo: akichukua majike wachache kutoka ukingoni mwa msitu, akawaweka ndani ya kizimba cha wavu pamoja na mche wa Clausena, akayakusanya mayai na kuwalea viwavi katika matawi yaliyofunikwa wavu ili nyigu na siafu wasiwafikie, basi mayai ambayo msitu ungeyapoteza huwa vipepeo, na msitu haupungukiwi na kitu. Lakini hawezi kufanya hayo bila ya msitu. Mama wapya lazima watoke huko, kwa kuwa kizazi kinachopandana chenyewe kwa chenyewe hudhoofika. Miche lazima itoke huko. Na ukingo wa kivuli ambamo jike hutafuta majani hauwezi kuwapo pasipo msitu nyuma yake. Fundi wa mbao anafaidika mti ukianguka, na mkata mkaa vivyo hivyo. Mfugaji wa vipepeo hufaidika mti ukiwa umesimama, na huo ndio umuhimu wake.

Jambo hili si dhana, maana limejaribiwa. Huko Gede, kando ya magofu ya mji wa kale na mpakani mwa Arabuko-Sokoke, ulianzishwa mwaka 1993 mradi uitwao Kipepeo, ulio chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Msitu huo, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, ndio mkubwa kabisa uliosalia miongoni mwa misitu mikavu ya pwani ya Afrika ya Mashariki, na wakati ule wakulima wengi waliopakana nao, ambao ndovu na nyani walikuwa wakiwamalizia mahindi, waliuona kuwa ni adui aliyelindwa na Serikali na wakataka ukatwe wagawiwe mashamba. Mradi uliwapa wavu, miche na soko. Pupa hukusanywa, huchaguliwa, hufungwa kwa pamba ndani ya masanduku na kupakiwa ndegeni kwenda Ulaya na Marekani, ambako zipo nyumba za vioo zenye joto la kutengeneza ambamo watu hulipa kiingilio ili waone vipepeo wa nchi za joto wakiruka. Mwanzoni mwa karne hii Usambara ya Mashariki ikafuata, katika vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Mazingira ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ambako hapo kabla njia ya kupata fedha kutoka msituni ilikuwa ama kupasua mbao ama kufyeka chini ya miti ili kupanda iliki. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kuwa wafugaji wa vipepeo hushiriki zaidi katika kazi za kuhifadhi msitu kuliko majirani zao, na kuwa wao wenyewe wanaelewa kwa nini.

Kisha ikaja marufuku. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na mtu muadilifu hawezi kuilaumu kwa nia yake, kwani nchi nzima ilikuwa ingali na uchungu wa twiga waliopakiwa ndegeni katika uwanja wa Kilimanjaro mwaka 2010 na kupelekwa Qatar. Dhuluma ile ilihitaji kukomeshwa. Walakini wavu uliotegwa kwa ajili ya wezi wa twiga uliwanasa pia wanaume na wanawake wa Amani, ambao hawakuwahi kumwiba mnyama yeyote, ambao viumbe vyao vilizaliwa ndani ya vizimba vyao wenyewe kutokana na miche waliyoipanda kwa mikono yao. Na kwa kuwa kiwavi hangoji hukumu, viwavi waliokuwa majanini siku ile waliendelea kukua, wakawa pupa, wakawa vipepeo ambao hapakuwa na mtu wa kuwanunua.

Rai yangu ni kuwa kipepeo aliyezaliwa kizimbani asihesabiwe mawindo. Ahesabiwe zao la shamba, kama wahesabiwavyo nyuki na samaki wa bwawani, na mfugaji wake awe chini ya macho ya afisa ugani na afisa misitu, kwa vitabu vya kumbukumbu na ukaguzi wa vizimba. Twiga mmoja akitolewa porini pori limepungukiwa na twiga mmoja na vizazi vyake vyote; pupa mia zikitolewa kizimbani pori halikupungukiwa na kitu, na huenda limepata mlinzi. Sheria isiyopambanua mambo mawili yaliyo mbali kiasi hiki haimlindi twiga zaidi, na inauondolea msitu rafiki aliyekuwa karibu nao kuliko sote. Sheria yoyote itakayotungwa au kurekebishwa juu ya biashara ya viumbe hai, leo au kesho, iseme hivyo waziwazi.

Nimepata kusikia hoja za wanaopinga, na baadhi yake zina uzito. Husemwa kuwa mlango ukifunguliwa kwa mfugaji, mtegaji atapita nao, awakamate vipepeo adimu msituni na kuwaita wa kufugwa. Hatari hiyo ipo, hasa kwa jamaa ambazo hazipatikani popote duniani ila katika milima yetu, kama Cymothoe amaniensis aliyepewa jina kwa ajili ya Amani. Na ndiyo sababu nasema kibali kiorodheshe jamaa zinazoruhusiwa, zile tu ambazo ufugaji wake umethibiti, na kiruhusu pupa peke yake. Mtegaji mwenye wavu hukamata kipepeo aliyekwisha kuruka, naye kwa kawaida ana bawa lililochanika. Hana pupa, na kuzipata kwa wingi msituni, kwa jinsi zilivyojificha, ni kazi isiyolipa. Wengine husema kuwa ni aibu kuwageuza viumbe wazuri kuwa bidhaa. Naiheshimu hisia hiyo, lakini ningependa wanaoisema wamwambie mama wa Usambara mwenye ada ya shule mkononi ni bidhaa gani nyingine ya msituni auze ambayo haitaki shoka.

Hoja iliyo nzito zaidi, kwangu mimi, ni ya soko. Riziki inayotegemea nyumba za vioo za Ulaya ni riziki yenye mguu mmoja, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga maonyesho na kuzuia ndege, jambo hilo lilidhihirika kwa wafugaji. Haikufaa kamwe kuwa mtoto wa ng'ambo ndiye anayelipiwa na mzazi wake kumwona dardanus akitoka katika pupa, na mtoto wa Muheza au Malindi asipate kumwona. Huko Unguja, katika kijiji cha Pete karibu na msitu wa Jozani, kipo kituo cha vipepeo kinachopokea wageni na wenyeji na kununua pupa kutoka kwa wafugaji wa jirani. Kituo cha namna hiyo kingeweza kusimama Tanga, na Mombasa, na Dar es Salaam, bila ya kungoja ndege wala idhini ya forodha, na shule zingepeleka wanafunzi huko kwa nauli ya basi. Mwalimu wa elimu ya viumbe hana somo la urithi zuri kuliko hili: mama mmoja, baba mmoja, na binti watatu wasiofanana.

Vilevile tusisahau misitu midogo. Kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, zimehifadhi vipande vya msitu wa pwani kwa amri ya wazee na kwa heshima ya makaburi, bila ya fedha za mradi wowote, na kwa kipepeo kama huyu kipande cha msitu chenye kivuli na ukingo wenye vichaka ni makazi ya kutosha kulea kizazi. Panapokuwa na msitu wa kijiji, au bonde lenye chemchemi lisilofyekwa, hapo pana Clausena, na penye Clausena jike atafika. Halmashauri zinazogawa viwanja hadi mdomoni mwa msitu, na kuuita ukingo wa vichaka kuwa ni uchafu wa kusafishwa, zinaondoa sehemu ile hasa ambayo dume hupita na jike hutagia.

Kwa wakuu wanaohusika na maliasili katika Tanzania nina ombi moja la utekelezaji. Pupa inayosafirishwa ina siku zisizozidi 14 tangu ilipojifunga hadi kutoka, na katika hizo, chache huliwa na kukusanya, nyingine na njia ya kushuka kutoka Amani, nyingine na ndege. Kibali kikikaa mezani juma moja, sanduku litafunguliwa ng'ambo likiwa na vipepeo waliokufa, mabawa yamekunjwa ndani ya pamba. Basi mfugaji akishaandikishwa na kukaguliwa, apewe kibali cha msimu mzima badala ya kibali cha kila sanduku, na kitolewe Muheza, na ofisa anayevijua vizimba na wenye navyo.